Tuzo za Katikati

Kila zinapofanyika sherehe za Oscar malalamiko huwa yale yale: ni ndefu mno. Zaidi ya saa tatu, watu tusiowajua wanapanda jukwaani kupokea tuzo ya sauti, ya uhariri, ya maleba, ya filamu fupi, huku mtazamaji akingoja kujua nani mwigizaji bora na filamu ipi imebeba tuzo kubwa ya mwisho. Ushauri unaotolewa nao haubadiliki. Hizo za katikati zipunguzwe, au zitolewe kando, kamera zikiwa zimezimwa.

Mimi ni mtazamaji wa kawaida. Sijasomea filamu, na miaka mingine sherehe inaanza nikiwa sijaona hata nusu ya filamu zinazoshindanishwa. Lakini katika hili nina msimamo, na nimeupata kwa kuangalia: sehemu wanayotaka kuikata ndiyo iliyonifaa kuliko zote.

Nimekulia Mwanza, na filamu nilijifunzia kwenye kibanda umiza. Mabenchi ya mbao, televisheni moja iliyowekwa juu, pazia zito mlangoni na joto la watu waliobanana. Tuliangalia filamu za Hong Kong, za Kihindi na za Marekani, na nyingi zilitufikia zikiwa na sauti ya Lufufu juu yake, akitafsiri, akisimulia, akimuonya staa kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Tulimpenda kwa dhati. Wakenya nao wana DJ Afro wao, na anayedharau kazi ya watu hawa hajui ni watoto wangapi waliingia kwenye filamu kupitia midomo yao.

Hata hivyo kibanda kilikuwa na desturi moja. Filamu ikifika mwisho, majina yakianza tu kupanda kwenye kioo, mwenye kibanda alizima na kuweka nyingine. Waliokuwa nje na viingilio vyao mkononi walishaanza kusukumana. Sikumbuki utotoni kuwahi kusoma majina ya mwisho ya filamu hata moja. Tulimjua staa, tukamjua adui mkuu, basi. Kwamba kulikuwa na mtu aliyekaa wiki nzima akiamua kipande kipi kifuate kipi, au mtu aliyetengeneza mlio wa ngumi, au aliyelitia vumbi koti la yule jambazi, hilo halikutupitia akilini. Filamu ilikuwa kitu kilichojitokea chenyewe, kama mvua.

Nilipohamia Dar es Salaam kutafuta kazi nilifikia kwa shangazi yangu, fundi cherehani. Ni yeye aliyenikalisha mbele ya Oscar. Alikuwa akiamka usiku kwa ajili ya zulia jekundu, kwa sababu ya kazi: wiki inayofuata wateja wangemletea picha za magauni yale kwenye simu zao, na alitaka awe ameshayaona yakitembea. Picha ya simu, alisema, haikuonyeshi kitambaa kinaangukaje. Nilidhani zulia likiisha atarudi kulala. Alibaki. Kila baada ya muda aliuliza, "Ya maleba bado?" Tuzo ya mavazi ya ndani ya filamu ndiyo aliyokuwa akiingoja.

"Gauni la zulia linavaliwa usiku mmoja na mtu aliyesimama wima," alinieleza. "La filamu linatakiwa likimbie, lilale chini, lichanike, halafu kesho yake liwe vilevile kama jana. Nishonee hilo nikuone."

Alfajiri ya Jumatatu tarehe 3 Machi 2014 nyumba nzima ilikuwa macho. Huku kwetu sherehe ilianza saa kumi na nusu, na sote tulikuwa tukimsubiri Lupita Nyong'o, binti wa Kenya aliyewania tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa kike kwa filamu ya 12 Years a Slave. Usiku huohuo Barkhad Abdi, Msomali aliyezaliwa Mogadishu, aliwania ya upande wa wanaume kwa Captain Phillips. Ya Abdi ilikwenda kwa Jared Leto, na nilisikitika. Jina la Lupita lilipotajwa, majirani walisikia kelele zetu. Shangazi alikuwa wa kwanza kutulia, akisogelea kioo kuangalia marinda ya lile gauni la buluu mpauko.

Hotuba ya Lupita naikumbuka kuliko hotuba nyingine yoyote niliyoisikia kwenye jukwaa lile. Alianza na Patsey, mwanamke mtumwa wa Louisiana ambaye ndiye aliyemwigiza, akisema kwamba furaha yake imetokana na maumivu ya mwingine. Akamtaja Solomon Northup, aliyeyaandika mateso hayo kwenye kitabu mwaka 1853. Akaja kwa mwongozaji Steve McQueen na waigizaji wenzake. Kisha akafanya jambo ambalo wengi hawakulisikia kwa sababu walikuwa bado wanapiga makofi: akamshukuru Joe Walker, mhariri, akimwita mwigizaji asiyeonekana. Akamtaja Sean Bobbitt, mpiga picha. Akamtaja Patricia Norris, mbunifu wa maleba. Akasema asingefika pale bila kazi yao.

Siku zilizofuata redio, magazeti na mitaa ilirudia maneno yake ya mwisho, yale ya ndoto. Ni maneno mazuri na yamewabeba wengi. Lakini shangazi alikuwa ameshika jina moja. "Huyo Patricia ni nani?"

Tulimtafuta. Tukakuta ni mama mtu mzima aliyeteuliwa kuwania tuzo ya maleba mara sita katika maisha yake, hii ikiwa ya sita, na hakuwahi kuipata. Alifariki mwaka uliofuata. Tukasoma pia kwamba alichukua udongo kutoka kwenye mashamba matatu yaliyopigwa filamu ile ili nguo za watumwa wa kila shamba zichafuke kwa udongo wa shamba lao. Shangazi aliposikia habari ya udongo aliacha alichokuwa akishona. Tuliikodi filamu, tukaiangalia tena, safari hii yeye akiisimamisha kila mara kunionyesha mshono wa begani uliochakaa upande wa mzigo, na mikono ya nguo iliyopauka tofauti na mgongo.

Mimi nilikuwa namtafuta Joe Walker, na nilimpata mahali pasipo na mkato. Kuna sehemu Solomon amening'inizwa kwa kamba shingoni, ncha za vidole vya miguu zikigusa tope, na nyuma yake watumwa wengine wanaendelea na kazi, watoto wanacheza. Picha inabaki palepale. Inabaki mpaka unataka kuinuka uzime. Mhariri mwingine angekata, angekupeleka kwenye uso wa mtu mwingine upumue. Yeye na McQueen waliiacha, na ilipofika hapo nikaelewa mhariri hulipwa kwa nini: anajua muda gani mtazamaji anastahili kubanwa. Bila dakika ile moja ya kwenye hotuba nisingejua hata kwamba kuna wa kumtafuta.

Sauti nilijifunza kwa njia nyingine. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuwa akitengeneza filamu, na kwa kuwa nilikuwa na likizo aliniomba nikashike kipaza sauti. Kilikuwa kimefungwa kwenye fimbo ndefu, na kazi yangu ilikuwa kukiinua juu ya vichwa vya waigizaji bila kivuli chake kuonekana. Mikono inawaka moto baada ya muda mfupi. Lokesheni ilikuwa uani kwa mtu, sini ya msibani: mama amepewa habari ya kifo cha mwanawe. Aliyecheza yule mama hakuwa staa. Alikuwa muuza vitumbua wa jirani, na alilia kilio ambacho mpaka leo nikikikumbuka nywele zinasimama. Alianza kwa sauti ya chini, akawa kama anauliza jambo, halafu sauti ikamkatika.

Umeme ulikuwa umekatika, na saluni ya jirani ilikuwa na jenereta. Bodaboda zilipita. Fundi wa kuchomelea naye alikuwa na lake. Masikioni, kwenye hedifoni za kijana mwingine aliyekuwa akirekodi sauti, kila kitu kiliingia pamoja na kilio. Alisema, tena mara mbili, tusubiri jenereta izimwe. Waliokuwa na haraka wakamjibu kwamba itarekebishwa kwenye kuediti. Filamu ilipotoka, kilio cha mama yule kilikuwa hakisikiki. Ili kuficha jenereta waliweka muziki wa huzuni juu yake, kwa nguvu, na ukaona mwanamke anafungua mdomo tu huku kinanda kikilia kwa niaba yake. Kazi bora kuliko zote katika filamu ile ilipotea, na ilipotelea mikononi mwa mtu ambaye hakuna aliyemsikiliza, jina lake likiwa halimo hata kwenye kava.

Kwa hiyo mwaka 2024, tuzo ya sauti ilipokwenda kwa Tarn Willers na Johnnie Burn wa The Zone of Interest, nilikuwa nimekaa wima. Filamu hiyo ya Jonathan Glazer ni ya familia ya Rudolf Höss, mkuu wa kambi ya mauaji ya Auschwitz, wanaoishi nyumba iliyopakana na ukuta wa kambi. Kamera haiingii ndani ya kambi kuonyesha mateso. Tunaona bustani, watoto, chakula cha mchana, maua yanamwagiliwa. Ng'ambo ya ukuta tunasikia milio ya risasi, mbwa, kelele za watu, na mngurumo usiokoma. Filamu nzima imo humo. Mtu akiizima sauti atabaki na picha za familia yenye bustani nzuri. Nampendekezea kila mtengeneza filamu wa nyumbani aiangalie mara moja kwa sauti na mara moja bila sauti, halafu arudi kwenye ile kauli ya kwamba itarekebishwa kwenye kuediti.

Kuna sababu nyingine ya mimi kuzitetea hizi tuzo, na inatuhusu moja kwa moja. Ardhi yetu ilishafika kwenye tuzo kubwa ya mwisho zamani. Mwaka 1986 Out of Africa, iliyopigwa Kenya, ilizoa tuzo saba, filamu bora ikiwemo na ya sauti pia, usiku uleule ambao The Color Purple, iliyojaa waigizaji weusi, iliteuliwa mara kumi na moja ikaondoka mikono mitupu. Vilima vya Ngong vilipendeza. Lakini habari za watu wa kanda hii, zenye sura na sauti zao, zimekuwa zikipitia katikati: kwenye makala za filamu na filamu fupi, dakika ambazo wengine wanakwenda kuchemsha chai.

Mwaka 2006 ilikuwa zamu ya mji wangu. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, makala kuhusu sangara wa Ziwa Viktoria, ndege za mizigo zinazobeba minofu kwenda Ulaya, na mapanki yanayobaki kuliwa na maskini, iliwania tuzo ya makala bora. Ilishindwa na filamu ya ndege wa baridi wanaoitwa pengwini. Mwanza ilitikisika. Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani mwaka huohuo, watu wakaandamana, na kila kijiwe kikawa na upande wake. Nilichokiona ni kwamba wengi waliokuwa wakigombana hawakuwa wameiona. Ilikuwa ngumu kuipata. Mimi nilipoiona baadaye, kuna mambo niliyaona ya kweli kabisa, kwa sababu harufu ya mapanki ninaijua, na kuna mengine niliona mwongozaji ameyasukuma ili yakae kwenye hoja yake. Ila niliyaona baada ya kuiangalia. Mji uliopigwa picha unapaswa kuwa wa kwanza kuonyeshwa picha zake.

Mwaka 2018 jukwaa lile lilitaja filamu yenye jina la Kiswahili, Watu Wote. Ni filamu fupi ya wanafunzi wa chuo cha Hamburg, Ujerumani, iliyoongozwa na Katja Benrath na kupigwa Kenya kwa Kiswahili na Kisomali. Inatokana na tukio la Desemba 2015, basi la kwenda Mandera liliposhambuliwa na abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi katika tukio lile, alifariki mwezi uliofuata. Haikushinda. Lakini kwa sekunde chache Kiswahili kilikuwa ndani ya ukumbi ule kikisema jambo la kwetu lenye heshima, na waliokwenda kuchemsha chai hawakulisikia.

Halafu 2024, Bobi Wine: The People's President iliwania tuzo ya makala bora. Wengi walimtazama Bobi Wine na mkewe Barbie kwenye zulia. Mimi nilimtafuta Moses Bwayo, Mganda aliyeishika kamera kwa miaka akimfuata mwanasiasa huyo, akakamatwa, akapigwa risasi usoni, akaendelea. Makala ile ipo kwa sababu mtu mmoja hakuzima kamera.

Ndiyo maana mwaka 2022 uliniudhi sana. Waandaaji, wakitafuta kufupisha sherehe, waliamua kwamba tuzo nane zitolewe kabla matangazo ya moja kwa moja hayajaanza, kisha vipande vyake vichomekwe baadaye: uhariri, sauti, muziki wa filamu, ubunifu wa mandhari, upambaji wa sura na nywele, makala fupi, katuni fupi na filamu fupi. Mshindi wa uhariri mwaka ule, kwa Dune, alikuwa Joe Walker. Yule yule. Mtu ambaye binti wa Kenya alimtaja kuwa mwigizaji asiyeonekana alipata Oscar yake saa ambayo dunia ilikuwa haijawasha televisheni.

Na muda uliookolewa ulikwenda wapi? Kila mtu anaukumbuka usiku ule kwa kofi la Will Smith kwa Chris Rock. Rock alikuwa amepanda jukwaani kutoa tuzo ya makala bora, na iliyoshinda ni Summer of Soul ya Questlove, kuhusu tamasha la muziki la Harlem la mwaka 1969 ambalo sehemu kubwa ya mikanda yake ilikaa nusu karne bila kuonyeshwa kwa umma. Watu waliosahauliwa miaka hamsini walipewa nafasi yao hatimaye, na ukumbi haukuwa ukiwasikiliza. Waulize waliolizungumza lile kofi wiki nzima makala gani ilishinda. Sijapata anayejua.

Malalamiko ya wenye fani yalisikika, na mwaka uliofuata tuzo zote zikarudishwa kwenye matangazo ya moja kwa moja. Mwelekeo wa sasa unanipa moyo zaidi. Ruth E. Carter alishapata tuzo mbili za maleba kwa filamu za Black Panther, 2019 na 2023. Mwaka 2025 Paul Tazewell akawa mwanamume mweusi wa kwanza kuipata, kwa Wicked, na shangazi, aliyekuwa ameikagua filamu ile mshono kwa mshono, alisema angekasirika kama wangempa mwingine. Imeongezwa tuzo ya wanaosaka waigizaji kuanzia sherehe ya mwaka 2026, na kwa filamu za 2027, zitakazotuzwa 2028, kutakuwa na tuzo ya waratibu wa mapigano na michezo ya hatari. Wale walioanguka kutoka ghorofani kwa niaba ya mastaa wetu wa kibandani, wakavunjika mbavu bila sisi kujua kwamba wapo. Wamesubiri muda mrefu kuliko wote.

Nyumbani bado. Nimewahi kualikwa kwenye sherehe moja ya tuzo za filamu hapa nchini, imepangwa vizuri, taa nzuri, watu wamependeza. Tuzo za mastaa zilitolewa kwa kishindo. Ilipofika zamu ya sauti, uhariri na maleba, mshereheshaji alisoma majina ya washindi kwa mkupuo, akawaomba wakachukue tuzo zao nyuma ya jukwaa kwa sababu muda umekwenda. Mezani kwetu alikaa mmoja wao, mhariri kijana, na mama yake aliyesafiri kutoka Morogoro kuja kumwona akishangiliwa. Mama yule alikuwa ameshaanza kuinuka apige vigelegele. Hakukuwa na wa kumpigia.

Waandaaji wa tuzo za kwetu nawaomba jambo moja linalowezekana hata mwaka huu. Kwenye tuzo ya sauti, zimeni taa, chezeni nusu dakika ya filamu iliyoshinda, ukumbi usikilize. Kwenye ya uhariri, onyesheni sini moja. Kwenye ya maleba, leteni nguo yenyewe jukwaani, watu waione. Halafu mshindi apewe kipaza sauti aeleze kwa maneno yake alivyoifanya kazi ile, ili kijana aliyeko nyumbani Sumbawanga au Tunduru ajue kwamba kazi hiyo ipo na ina mwenyewe. Dakika tano kwa kila tuzo zinatosha. Muda ukibana, zipunguzwe hotuba za wageni rasmi.